Sukari Isiyotoka Dukani

Bukoba Mjini

Tata mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiweza kukaa, na kidonda cha mguu kisiwe kimepanda juu. Mimi nina nyuzi saba kwenye paji la uso, lakini nimesimama. Dada Koku akusomee polepole, asiruke neno.

Jumamosi kaka Mutalemwa alifika kutoka huko Muleba, akanikuta dukani kwa Bwana Hasham, Mhindi unayenunua sukari kwake kila uletapo kahawa mjini. Hakusalimu. Alinyakua jiwe la mizani akampiga nalo mdomoni.

"Unamuua baba yangu kwa sukari yako!"

"Mimi nauza sukari, hapana uza ugonjwa!" Hasham alilia, meno mawili yakianguka kwenye kaunta.

Kaka alipiga tena. Nilisikia mfupa wa mkono wa mzee yule ukivunjika. Nikamrukia. Alinipasua paji. Nami, mwanao mwenye shahada, nilimkaba koo kaka yangu mkubwa hadi macho yakamgeuka.

"Si uliandika wewe kwenye barua?" alikoroma nilipomlegezea. "'Sukari ndiyo inayomuua Tata.' Unaukana mwandiko wako, msomi?"

Nikamuuliza kama wewe, Tata, umeiacha sukari.

"Kabisa! Hata kwenye chai haiwekwi. Tunampa maji ya ndizi mbivu, kibuyu asubuhi, kibuyu jioni, arudishe nguvu."

Nikamwachia koo. Tata, maji hayo, hata kabla hayajachachuka yakawa pombe ya rubisi, ni sukari tupu. Niliandika "sukari" nikiwaza kemia. Nyumbani mkasikia kitu cha kufungwa kwenye karatasi kitokacho dukani. Kosa ni langu, na kulikiri kumeniuma kuliko sindano ya kushonea.

Sikiliza basi. Mwilini mna protini iitwayo insulini, ambayo huiondoa sukari damuni na kuiingiza katika nyama. Kwako imepungua. Kila kitamu, hata cha migomba ya kibanja chetu, huizidi nguvu. Kuhusu majani machungu ya mubirizi unayokunywa kama dawa, nimebishana na daktari Mwingereza wa hospitali yetu ya hapa mjini anayeyacheka: nilimwambia kutojua namna yanavyofanya kazi si ushahidi kwamba hayafanyi. Lakini nawe nakubishia: yasichukue nafasi ya sindano ya insulini. Mtu hafi kwa kukosa hoja, hufa kwa kukosa insulini.

Kaka yuko mahabusu. Nilikwenda hospitali kumwomba Hasham msamaha. Alinijibu kwa midomo iliyoshonwa: "Kwanza baba yako. Kesi baadaye."

Panda lori la kahawa la Jumatano, Tata. Nitakungoja stendi nikupeleke hospitali ukaanze sindano.

Msalimu Mama, na umwambie Mutalemwa anakula. Msalimu mke wa kaka. Mimi ndiye niliyemuumiza mumewe shingo, asisikie kwa wengine. Na shangazi, anayekukamulia ndizi kwa mapenzi yote: mikono yake haina hatia, ila leo hii akimwage kibuyu kilichobaki.

Mwanao,
Kaijage