Mama Yako Amelala Kando ya Reli

Kabwe, rafiki yangu,

Mama yako alifika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza homa ilipokubana. Nilikujibu yuko njiani, nawe ukafumba macho. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kutoka kwenu Lubudi, na sisi hatukuweza kukuacha mochwari tukimngoja. Alikuta tumeshakuzika.

Nilimpeleka kaburini. Alilia, akang'oa magugu, akakaa chini. Nikadhani tumemaliza. Kumbe alikuwa amebeba mkeka wake tangu nyumbani, kaufunga kwa kamba. Akaniambia, "Kaburi nimeiona. Sasa unionyeshe pale mutoto wangu alikuwa analala. Mi nataka kulala pale."

Kabwe, ningemwonyesha nini? Hujui yaliyotokea baada yako. Watu wa commune, yaani manispaa, walipita na kipaza sauti, wakatangaza kwamba kando ya reli ni ardhi ya umma: hakuna kusimika nguzo, hakuna kufunga turubai, hakuna kulala. Wakaweka na kibao. Kisha ikaja mashine, ikakwangua kila kitu, na ile hoteli yako, kama ulivyopenda kuliita hema letu, ikaondoka na mahema ya wachimbaji wenzetu wote. Mimi niliwahi kuokoa turubai letu la bluu tu.

Sisemi wamekosa kabisa. Treni ilikuwa ikipita karibu na vichwa vyetu, na choo hatukuwa nacho. Lakini hakuna aliyetuambia twende wapi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi nikamzungusha mama yako juu ya ule udongo mwekundu uliosawazishwa, naenda, narudi, naona aibu. Tumelala pale misimu miwili, na sikuweza kupajua. Ni chibwabwa chako, yale majani ya maboga, kilichoniokoa. Unakumbuka nilivyokucheka ulipopanda maboga mlangoni, nikakuuliza nani analima shamba asiloweza kuhama nalo? Ulinijibu kwamba wewe unapanda majani ya kula, mambo ya shamba niwaachie wenye shamba. Mashine iliyakwangua, mvua ikanyesha, yakaota tena. Nikamwambia, "Mama, ni hapa."

Alitandika mkeka pale pale. Jua lilikuwa la utosi. Mlinzi wa commune akaja, kijana tu, wala hakuwa na maneno mabaya. "Mama, kulala hapa ni interdit," akasema, akaonyesha kibao. Mama yako akavua viatu. "Mutoto wangu aligonjwa hapa, mi sikukuwa naye," akamwambia. "Nitalala kidogo, nitaenda." Akajinyoosha, akafunika uso kwa kitenge.

Sikuweza kumwacha aungue vile. Nikawapigia simu wenzetu wanaochimba huko Mutoshi, wakaja kwa pikipiki wakiwa na vumbi lao mwilini, na turubai letu la bluu, nililokuwa nimewaachia, likaja nao. Tukashika kila mtu pembe yake, tukaliinua juu yake kwa mikono. Mlinzi akarudi mbio. "Munasimamisha tena hema?"

"Hakuna nguzo, chef," nikamjibu kwa heshima. "Ni sisi tu."

Akatazama miguu yetu, kana kwamba anatafuta mashimo. Akamtazama mama. Kisha akaenda kusimama karibu na kibao chake, akatugeuzia mgongo.

Na mama yako alilala, Kabwe. Usingizi kweli, mdomo wazi, anakoroma kama wewe. Nilikuwa najiuliza siku zote ulikoitoa ile sauti. Mikono ilikufa ganzi, treni ikapita na yeye hakushtuka. Hapo ndipo nilipokulilia. Kaburini nilikuwa na kazi ya kuwa mwanamume. Pale machozi yalitoka, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa juu.

Alipoamka alikunja mkeka, akachuma majani yako machache, akayafunga kwenye kitenge. Hakuniambia kama amekuota. Aliniuliza tu, "Weye sasa unalala wapi?" Nikamwambia nimepanga chumba na wenzangu huko Musonoi, tunalala kwa zamu. Akatikisa kichwa. "Kitanda ya Kabwe iko Lubudi. Hakuna mwenye anailalia. Ukuye ulale pale."

Uliniambia habari za kitanda hicho mara nyingi, cha mbao, alichokitengeneza baba yako. Mimi nilidhani ni uongo wako wa kupitisha usiku.

Nitakwenda, rafiki yangu. Nakuahidi. Nitamsaidia mama kulima kabla mvua hazijaisha, na nitalala pale ulipotakiwa kulala wewe. Nitajibana upande wa ukutani kama kawaida yangu. Upande wako nitauacha wazi.

Pumzika sasa. Mama amefika.

Ni mimi,
Kasongo