Ushoroba wa Nyumba Mbili

Mpendwa Mama Mdogo,

Juzi mtoto wangu aliuliza kwa nini matofali ya ukuta wa jikoni yana rangi mbili. Kabla sijajibu, Mama akasema, "Hapo palikuwa na ushoroba." Neno lako, Mama Mdogo. Nilitoka nje nikalia.

Unakumbuka Baba alivyoujenga? Alipokuoa kutoka Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alikujengea nyumba nyuma ya yetu hapa Manyatta, akaziunganisha kwa njia nyembamba yenye paa la mabati ili asinyeshewe akivuka. Sisi tuliiita korido. Ukacheka.

"Korido ni ya ofisi, mwanangu. Huu ni ushoroba."

Ukanishika mkono tukazunguka nyumba nzima: veranda yetu ikawa baraza, mahali pa kuingilia pakawa ukumbi. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alipoyauliza maneno hayo, ni mimi tu niliyeyajua, nikaja mbio kumwambia Mama. Aliendelea kupepeta mchele.

"Maneno ya nyumba ile wacha yabaki nyumba ile."

Siku hiyo hiyo akaufunga kwa komeo mlango wa ushoroba wa upande wetu.

Ulikaa umefungwa mpaka siku Mama alipoharibikiwa na mimba. Baba alikuwa Sondu kwa kazi ya ujenzi, mvua inanyesha, nami sijui nifanye nini. Nikatoa komeo, nikakimbilia kwako. Ulikuja na maji moto na leso zako mpya, ukasimama mlangoni.

"Dada, niingie?"

Mama akageuza uso, akakutazama. "Ingia. Usisimame hapo kwa baridi."

Tangu hapo komeo halikurudishwa. Mlikuwa mkichambua mboga mle ushorobani, kila mmoja kwenye kigoda chake, magoti yenu yakikaribia kugusana, upepo wa ziwa ukipita. Mlisema machache. Nilipenda kuwaruka miguu nikienda na kurudi bila sababu yoyote.

Baba alipofariki, ndugu zake wakasema kila nyumba ijitegemee. Wakaleta fundi, akauziba ushoroba kwa matofali pande zote mbili. Wiki iliyofuata ulipanda treni kurudi Mombasa. Nilikubebea sanduku hadi stesheni, na kila ulipogeuka kutazama nyuma nilijua hukuwa ukinitazama mimi.

Miaka imepita, Mama Mdogo, na bado nina hamu nawe kama nilipokuwa mtoto. Nilidhani ni mimi peke yangu. Lakini jana Mama aliniita akaniambia kwamba asubuhi ile unaondoka alikuwa amesimama nyuma ya mlango, tayari kukusindikiza. Aliona aibu kutoka, kwa sababu hakusema neno walipomleta yule fundi.

"Andika," akaniambia. "Mwambie nilikuwa nimeshavaa viatu."

Basi nimeandika. Ukiweza safari, njoo. Ukishindwa, nitamleta Mama.

Mwanao wa nyumba kubwa,
Atieno