Mchezaji Mwenzangu ni Mwanangu, na Hajui

Shangazi Immaculate, pokea salamu kutoka Rongai, ambako tunakausha mahindi na kuomba mvua ikae mbali. Nisaidie kabla Krismasi haijafika, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, nimekuwa kiongozi wa kina mama kanisani miaka kumi na moja, na kila jioni nikishamaliza kukama naketi jikoni, nafungua simu, na kuanza kupigana vita.

Ni vita vya gemu. Ni ile ambayo watu wanne mnaruka kutoka kwenye ndege, mnaangukia kisiwani, mnaokota bunduki na dawa, halafu mnawatafuta wengine kabla hawajawapata ninyi.

Nianze pale nilipoharibu. Miaka miwili iliyopita mwanangu Muiruri alikuwa amerudi nyumbani baada ya chuo, akawa anafanya vibarua, na kwa vibarua hivyo akajinunulia mashine ya gemu, ile ya kuunganishwa na televisheni. Akawa anashinda nayo, chai inapoa, ng'ombe wanalia, nikimwita anajibu, "Mum, ngoja nimalize hii raundi," na mimi nikashikwa na hasira ambayo nilijidanganya kwamba ni mzigo wa maombi. Jumapili ya mavuno ikafika. Unajua vile sisi hufanya, kila mtu analeta alichojaliwa, huyu kuku, yule gunia, mwingine mkungu wa ndizi, na baada ya ibada vinapigwa mnada hapo nje. Mimi nilibeba mashine ya Muiruri kwenye kiondo, nikaifunika na leso, nikaipeleka mbele, nikapewa nafasi ya ushuhuda, nikasema kanisa zima likisikia kwamba hili ndilo pepo lililomfunga mwanangu na leo nimelitoa nyumbani kwangu. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Mzee wa kanisa, Ndung'u, ndiye aliyeshinda kwenye mnada, akawapelekea wajukuu wake, na mpaka leo wanaicheza.

Muiruri alikuwa ameketi safu ya nyuma. Jumatatu alifunga begi akaenda Naivasha, akapata kazi ya kukata maua, akapanga chumba mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa, na tangu hapo hajawahi kupokea simu yangu. Hata maji ya ziwa yalipoingia Kihoto nikaona kwenye habari watu wamebeba magodoro kichwani, nilipiga mara kumi na nne, na ni Abby, dada yake, aliyenitumia ujumbe kwamba yuko salama.

Abby huongea na sisi wote wawili. Agosti aliniambia, "Mum, huyo hatashika simu yako, lakini kila jioni saa moja ako kwa gemu. Ukimtaka, mfuate huko." Nadhani alikuwa ananitania. Nilimwambia aniwekee hiyo gemu hapo hapo.

Shangazi, wiki za kwanza niliaibika. Nilikuwa nikiruka kutoka kwa ndege naanguka baharini. Lakini nilivyozoea niligundua jambo ambalo bado linanishangaza, kwamba mimi najua kumwona aliyejificha. Nimefukuza nyani kwenye mahindi miaka thelathini, na nyasi zikitikiswa na upepo na zikitikiswa na kitu kilicho ndani yake, mimi naona tofauti hata kwenye kioo cha simu. Basi Abby akanionyesha jinsi ya kumwomba Muiruri nijiunge na kikosi chake, nikajiita Mahindi, nikasema mimi ni kijana wa Njoro na maiki yangu imeharibika kwa hivyo nitakuwa naandika tu. Wakanikubali. Tuko wanne, Muiruri, Kipyegon wa Molo, Quincy wa Nakuru mjini, na mimi. Wao huongea, mimi nasikiliza sauti ya mwanangu. Wakiniokotea dawa naandika, "Asante sana, ubarikiwe," wanacheka, na sasa jina langu ni Pastor.

Nimejifunza mengi huko. Ukipigwa risasi hufi mara moja, unatambaa kwa magoti mpaka mwenzako aje akuinue, na Muiruri huja kila mara, hata risasi zikinyesha, anasema, "Pastor usisonge, nakuja." Na sasa najua kwa nini alikuwa akiniambia ngoja nimalize raundi. Ukitoka katikati unawaacha watatu wauawe. Hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Sasa Desemba imeleta mambo. Gemu imebadilishwa kwa ajili ya sikukuu, kisiwa chote kimefunikwa na theluji, ndege inadondosha masanduku ya zawadi, na ilikuwa nzito mpaka nikafuta nyimbo zote za kwaya kwenye simu ndipo ikaingia. Halafu Quincy ametuandikisha kwenye mashindano ya sikukuu, tarehe ishirini na nane, ukumbini hapo Nakuru mjini, washindi wanapewa simu mpya. Lazima wote wanne mfike wenyewe, mkae kwenye viti mbele ya watu. Wanasema bila Pastor hawaendi.

Wiki iliyopita nilimwandikia Muiruri pembeni, tukiwa wawili tu. Nilimuuliza atakula Krismasi wapi. Akajibu, "Nabaki Kihoto. Nyumbani ocha siendi." Nikauliza kwa nini. Akaandika, "Mathe aliuza mashine yangu kanisani, akaniuza na mimi." Nikamwambia labda ni mashine tu iliyouzwa, mashine inanunuliwa nyingine. Akaandika, "Si mashine bro. Alisema niko na pepo. Watu wa kwetu wakiniona wanataka kuniombea." Niliweka simu chini nikalia juu ya viazi nilivyokuwa namenya.

Abby anasema twende tu huo ukumbi, nimtokee hapo hapo, yeye atachukua video, tutalia, tutakumbatiana, mambo yaishe. Mimi naogopa. Naogopa kwenda, naogopa kuwaangusha hawa vijana nisipokwenda, na zaidi naogopa kwamba nikisema mimi ni nani nitapoteza hii saa moja ya jioni, ambayo ndiyo pekee mwanangu ananiongelesha. Je, nimtokee, nimwambie, au ninyamaze niendelee kuwa kijana wa Njoro?

Mimi, Mama Mahindi, Rongai.

*

Mama Mahindi,

Mwezi huu meza yangu imejaa barua za simu na gemu, mpaka nimeanza kudhani Krismasi ni sikukuu ya mafundi wa simu. Kuna mume analilia televisheni, kuna msichana aliyeahidiwa simu akaletewa sweta. Yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, samahani, uliniambia nisicheke. Ya pili nilikukasirikia. Ya tatu nilimwita mume wangu nikamsomea kile kipande cha nyani, naye ametaka kujua kama unafundisha.

Sasa tuongee. Ulichukua mali ya mtu mzima, aliyoitolea jasho, ukaifunika na leso kama mwizi, ukampa Mungu sadaka isiyokuwa yako. Hilo ni moja, na kwa hilo pekee angekasirika mwezi mmoja akarudi. Lakini ulimwita mtoto wako mwenye pepo mbele ya majirani, walimu wake wa Sunday school na wasichana aliokua nao. Na lile pepo, mama, mbona halikuwashika wajukuu wa mzee Ndung'u? Wanacheza mwaka wa pili huu na sijasikia wakiombewa.

Hata hivyo nakupa heko, na sikupi kwa kukupaka mafuta. Wazazi wengi waliokosana na watoto wao huketi nyumbani wakingoja waombwe msamaha. Wewe ulienda alipo, ukaanguka baharini, ukajifunza. Umeishi ndani ya kile kitu ulichokiita pepo na umekuta humo vijana wanaoinuana. Ningependa wazazi wote wa Nakuru wawe na udadisi kama huo, ila tu wangeanza nao mapema.

Unasema hajui. Mimi siwezi kukuapia, lakini hebu nikuulize. Ni kijana gani wa Njoro akipewa dawa anaandika "ubarikiwe"? Huyo mtoto amesoma ujumbe wako tangu apewe simu ya kwanza. Huenda anajua, huenda ana wasiwasi tu, huenda hana habari kabisa. Usikwame kwenye hilo. Kama anajua, amekungoja wewe uanze, na kila jioni unayonyamaza unamthibitishia kwamba kusema ukweli kunakushinda. Kama hajui, basi amefungulia moyo mtu ambaye hayuko, na siku akigundua mwenyewe utakuwa umemfanyia kitu mara ya pili bila kumuuliza.

Kwa hivyo huo ukumbi usikanyage kabla hajajua. Mwambie Abby aweke kamera yake kwenye mkoba. Ulimwaibisha mbele ya watu, na dawa yake haiwezi kuwa kumliza mbele ya watu wengine, hata kama safari hii ni sikukuu. Hatakuwa na pa kukimbilia, itabidi akukumbatie kwa sababu macho yote yako kwake, na kesho yake atabadilisha namba.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mwandikie kule kule pembeni, wawili tu, kabla hamjaanza kucheza, si katikati ya raundi. Tumia jina lako. Sema ni mama, sema uliingia humo kumtafuta, sema ulimkosea ulipochukua mashine na ukamkosea zaidi uliposema mbele ya kanisa kwamba ana pepo. Usiweke "lakini". Usimweleze ulivyokuwa na uchungu, usimtajie nyama ya Krismasi, usimletee mstari wa Biblia. Mwambie nafasi ya nne ya kikosi ni yake kuamua, akitaka uje utakuja, asipotaka utawaambia Quincy na Kipyegon mapema watafute mwingine, maana hao vijana hawana kosa. Halafu weka simu chini uende ukakame. Inawezekana ile saa ya jioni ukaipoteza. Nakuambia hivyo waziwazi kwa sababu najua itauma, na bado ni lazima umwambie.

Mashine iache kwa mzee Ndung'u. Usiende kuinyang'anya kwa watoto Desemba hii, tumechoka na mambo ya kunyang'anya.

Kisha kuna kazi ngumu zaidi, na kwenye barua yako hukuniuliza, nadhani kwa sababu jibu unalijua. Muiruri amekuambia mwenyewe kinachomzuia kuja, ni watu wanaotaka kumwombea kila wakimwona barabarani. Hao ulimpa wewe. Wewe ndiye kiongozi wa kina mama, ukiomba nafasi utapewa. Jumapili iliyo kabla ya Krismasi simama pale pale uliposimama na kile kiondo, uwaambie kwamba mwanao hakuwa na pepo lolote, kwamba alikuwa akicheza na marafiki, na kwamba wewe ulitoa sadaka kitu cha mtu mwingine ukakiita ushuhuda. Wengine watainamisha vichwa, na mzee Ndung'u atakohoa. Hakuna atakayepiga makofi, nawe utembee ule urefu wote wa kanisa kurudi kwenye kiti chako, upande wa kina mama, ujue alivyojisikia yeye kule nyuma.

Fanya hivyo awe amekujibu au hajakujibu, awe anakuja au haji. Na ukishafanya usimwandikie Muiruri kumwambia. Habari ya lile pepo watu wa Rongai walimfuata nayo mpaka Kihoto bila wewe kuwatuma. Na hii itamfikia.

Shangazi Immaculate