Filimbi ya Mama Chini ya Barafu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, nyumbani huitwa Kitinda.
Umri: miaka 38.
Kazi: fundi cherehani.
Makazi: kwa mama yake, nyuma ya shule ya msingi.

Shahidi anaeleza:

Nimeletwa hapa kituoni na Kaka, mkubwa wangu wa pekee. Yuko nje kwenye gari ananisubiri. Anajua nimekuja kusema nini. Yaani anadhani anajua.

Mama yetu ana miaka sabini na moja. Alikuwa mwalimu wa michezo, akatulea kwa filimbi kama timu ya shule. Mlio mmoja mrefu, chakula tayari. Miwili, kuoga. Mitatu mifupi, acha ulichoshika uje mbio. Hata leo nikisikia mitatu barabarani, mguu wenyewe unaruka kwenye kanyagio la cherehani.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 12:20 asubuhi, mimi, Mama, Kaka na mwongozaji wetu tuliandikishwa kwenye geti la juu la mlima, lililo karibu na barafu. Safari aliipanga Kaka, ili Mama aione barafu ya juu kabla haijayeyuka yote. Mimi nilimshonea koti zito, lenye mfuko wa ndani wa filimbi yake. Alipanda akitutania: "Wanangu, mnahema kama mbuzi wa mnadani!"

Saa 5:00, kwenye jiwe la mwisho la kupumzikia, miguu ikamgomea. Mwongozaji akasema, "Sheria yetu ni moja, mtu haachwi peke yake. Ama tushuke wote, ama mmoja abaki naye." Kaka akasema, "Abaki nani zaidi yangu? Nyie nendeni." Nilijivunia kuwa na kaka wa namna hiyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baada ya dakika kama ishirini Kaka akatufikia, jasho linamtoka. Mwongozaji akamuuliza Mama yuko na nani. Akajibu, "Na kundi linaloshuka. Wamempa na chai." Tukamwamini. Leo nimeonyeshwa kitabu cha getini: siku ile hapakuwa na kundi jingine.

Saa 5:40 nikasikia filimbi. Mitatu mifupi. Mwongozaji akauliza, "Hiyo ni nini?" Kaka akacheka, "Bi mkubwa huyo, anatushangilia." Mwongozaji angejuaje? Hayo ni mambo ya nyumbani kwetu. Nikamtazama Kaka. Akaninong'oneza, "Kitinda, zimebaki dakika kumi. Mwaka mzima nimeingoja picha hii." Nikaendelea kupanda. Ikalia tena mitatu. Ikalia mara ya tatu, na safari hiyo mlio wa mwisho haukufika mwisho.

Barafu niliiona. Ni nyeupe, ina ufa wa buluu katikati. Kwenye picha natabasamu.

Saa 7:15 tulirudi kwenye jiwe tukakuta hapana mtu. Mama alikuwa amejaribu kutufuata, akateleza. Mwongozaji ndiye aliyemwona chini ya njia, nyonga imevunjika, mwili wa baridi, filimbi bado mkononi. Akavua koti lake akamfunika, akambeba mgongoni hadi getini. Kaka alibeba kamera.

Jana hospitalini Mama aliuliza, "Mlinisikia?" Kaka akajibu, "Upepo ulikuwa mkali, Mama." Mama akanigeukia mimi. Nikasema, "Ndiyo, upepo." Akafumba macho.

Kwenye ngazi Kaka akanieleza kuwa mwongozaji yuko mahabusu tangu juzi, kwa sababu yeye Kaka ameandikisha polisi kwamba mwongozaji ndiye aliyemwacha Mama. Akasema, "Na wewe sema hivyohivyo. Yule tumekutana naye mlimani tu, mimi ni damu yako." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Miaka kumi na saba nashona nguo, na sikukiona. Huyu ndiye aliyekuwa akinishika mkono kwenda shule. Amenisaliti, na kwa ajili yake nikamsaliti Mama.

Siku ile hapakuwa na upepo. Mwongozaji hana kosa. Kaka alisikia. Na mimi nilisikia, mara zote tatu.

Haya ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari, na sitayageuza kwa ajili ya mtu yeyote.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amethibitisha ni sahihi. Yamekamilika tarehe 12, saa 4:35 asubuhi. Shahidi ameomba atokee mlango wa nyuma. Amesema anakwenda hospitali kwa miguu.