Mahindi Mekundu Yaliyooshwa

Biharwe, Mbarara
Jumapili, mwanzo wa Septemba

Mama yangu mpendwa,

Jambo Mama. Leo nakwambia yote, hata lile ninaloliogopa. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, nakula vizuri, nasoma.

Mahindi mawili mekundu uliyompa muuza samaki aniletee nikayaonyeshe shuleni yalifika salama, nikayapeleka darasani. Hindi zima kwa Kiingereza ni "ear", na sikio pia ni "ear". Nilidhani ni kwa sababu hindi hukaa ubavuni mwa mmea kama sikio kichwani. Mwalimu akasema hapana. Zamani yalikuwa maneno mawili: moja ni sikio tangu mwanzo, jingine lilitokana na neno la kitu chenye ncha, kama ndevu za ngano. Yalitamkwa miaka mingi mpaka yakafanana. "Hayakuzaliwa tumbo moja," alisema, "yamekutana njiani." Darasa lilinipigia makofi, Mama, mimi niliyekuwa naogopa kufungua mdomo.

Niliporudi niliyaacha jikoni. Mama Zaituni, ambaye hunilaza kwake bure ili nisome, akayasugua kwa sabuni.

"Mtoto, nimekuoshea mahindi. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya harusi."

Nikamweleza kwamba kwetu mbegu hutundikwa juu ya moto, masizi yazuie fukusi, na kwamba hii ndiyo mbegu ya mwisho ya Bibi, aliyoifunga kiunoni tulipokimbia kutoka Fizi, Kongo, nawe unaingoja irudi uipande kabla ya mvua.

Akakaa chini. "Basi nimeosha dawa yenyewe."

Akatandaza kanga yake mpya juani, akayalaza mahindi, akakaa kando kufukuza kuku mpaka alasiri. Wateja walipomwita, alijibu, "Duka imefunga. Leo nachunga mahindi." Sasa yananing'inia jikoni kwake. Ameacha makaa, anapikia kuni, macho yanamtoka machozi, naye anasema moshi bado hautoshi. Mwombee, Mama. Hatukuzaliwa naye tumbo moja, lakini sijalala njaa hata siku moja.

Nisalimie Baba Mdogo fundi baiskeli, na Dada anayekuchotea maji.

Muuza samaki atarudi huku wiki hii, mpe jibu lako. Mama Zaituni amesimama nyuma yangu, hataki nifunge bahasha kabla sijakuuliza: mbegu iliyooshwa kwa sabuni na kuanikwa siku ile ile, bado itaota?

Binti yako,
Furaha