Vyuma Vyako Viko Kwangu, Kaka

Mpendwa Kaka Elia,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe ninaokutumia unausoma na kuunyamazia. Tiki mbili za bluu, basi. Barua hii nimekutumia kwa posta, na nakala yake nimewapa wahariri wa jarida la jumuiya yetu waichapishe. Najua hupendi mambo ya nyumbani yatoke nje. Lakini nilikuaibisha mbele ya watu, kwa hiyo radhi nayo nakuomba mbele ya watu.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza Houston? Nilikuwa nimefeli mtihani wa leseni ya uuguzi mara mbili. Nilikuwa nalala kwenye kochi lako, nikitaka kulia naingia bafuni na kufungulia maji ili wifi Neema asinisikie. Jumapili moja baada ya ibada hukunirudisha nyumbani. Ulinipeleka moja kwa moja uwanja wa mazoezi wa gofu, mimi na gauni langu la kitenge na viatu vya kanisani, ukanikabidhi fimbo ya chuma, namba tatu. Wenzako walicheka. Walisema mtu anayeanza hupewa namba saba, fimbo fupi yenye uso uliolala, inayonyanyua mpira bila ugomvi. Namba tatu ni ndefu, uso wake mwembamba, na usipoupiga mpira katikati kabisa, fimbo inakutetemesha mpaka meno.

Wewe uliwaacha wacheke. "Kitinda," ukaniambia, maana hata leo, na mvi zangu hizi, kwako mimi bado ni kitindamimba, "hii ukiiweza, zingine zote ni mteremko. Halafu usi-rush. Mpira hauendi popote."

Nilipiga hewa. Nilipiga nyasi. Nilipiga zulia la kuwekea mpira mpaka mikono ikafa ganzi, na lile joto la Houston linalomganda mtu kama shuka mbichi likanimaliza. Tulirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Sikumbuki ilikuwa ya ngapi mpira ulipopaa. Nakumbuka tu kwamba mikononi sikusikia kitu, kana kwamba sikuwa nimeupiga, na wewe ukaanza kucheza mdundiko peke yako katikati ya Wamarekani, umeinua soda juu. Mtihani nao niliufaulu baada ya hapo. Hujawahi kusema kwamba ni namba tatu iliyonifaulisha, lakini mimi najua ndivyo unavyoamini, na sijawahi kukubishia.

Ndiyo maana hata nilipopata kazi huku Arlington, jirani na Dallas, na kuhamia Mansfield, gofu sikuiacha. Tukawa wapinzani. Kila Aprili, Watanzania wa Dallas na wa Houston tunakutana kwenye uwanja ule wa katikati ya njia, kando ya barabara kuu ya 45, na sheria yetu ni moja: upande ulioshindwa unawachomea washindi mbuzi, na nahodha wake ndiye anayesimama jikoni. Wewe nahodha wa Houston miaka yote hiyo, nadhani umechoma mbuzi mara tatu tu, na mara zote ulilalamika kwamba waamuzi wamehongwa pilau.

Kisha likaja lile bega. Ulifanyiwa upasuaji, ukafanya mazoezi kwa wiki chache, ukatangaza umepona. Kaka, mimi ni muuguzi wa wadi ya watu wanaojifunza upya kutumia viungo vyao. Kazi yangu ni kuona mtu anapojikaza ili asionekane anaumia. Nilikuona. Chuma namba tatu na namba nne vilikuwa vimekukataa. Mipira yako ilikimbia chinichini kama panya, na kila nilipokutazama ulisema, "Upepo leo." Siku nyingine hata jani lilikuwa halitikisiki.

Mwaka huu ulipofika kwangu Ijumaa, mkesha wa mechi, uliegesha begi lako gereji, tukala wali na maharage ya nazi, ukaenda kulala. Alfajiri kabla ya chai niliingia gereji nikatoa vile vyuma viwili. Mahali pake nikaweka haibridi mbili mpya. Nilikuwa nimezitafuta kwa wiki kadhaa. Unazijua zilivyo: kichwa kinene kilichovimba kwa nyuma, uzito wote umekaa chini, hata ukiugusa mpira vibaya kidogo bado unapanda. Nilikuchagulia mpini mwepesi kwa ajili ya bega. Nilijiona nimefanya jambo la upendo. Nilipanga nikuambie tukinywa chai, kisha nikaona bora iwe sapraizi.

Shimo la tatu ndilo refu. Huwa hutazami begi unapotoa fimbo, mkono wako unajua. Siku ile mkono ulikwenda kwenye namba tatu ukakuta kitu kimevaa soksi, kile kifuniko cha kichwa, cha rangi ya zambarau, na cha kwangu hicho, nilikichagua mimi. Mushi wa kwetu Dallas, ambaye mdomo wake haujawahi kumsaidia, akapaza sauti: "Bro! Kitinda kaku-retire! Karibu chama cha wazee!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Kaka. Hilo ndilo linalonirudia ninapoosha vyombo. Nilicheka.

Hukugomba. Uliniuliza tu, polepole, "Nani alikuambia nimeshindwa?" Ukafunga zipu. Mashimo yote yaliyobaki ukacheza bila kuzigusa fimbo zile, hata mahali ambapo namba saba uliyoishika haiwezi kufika. Houston ikashindwa kwa pigo moja. Ukasimama jikoni kama sheria inavyotaka, ukachoma mbuzi, na maini ukaniletea mimi kwanza kama mgeni wa heshima, bila kunitazama usoni. Nilipokwenda kwenye gari langu nilizikuta haibridi mbili zimelazwa juu ya buti, soksi zimekunjwa vizuri kando yake. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Vyuma vyako vilikuwa bado kwangu gereji, na hukupitia kuvichukua.

Miezi saba sasa. Mwanzoni nilikasirika, nisikufiche. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba wanaume wa kwetu wangekubali kufa kuliko kusaidiwa. Siku moja nalalamika hivyo jikoni, binti yangu Furaha anakula nafaka zake, hata kichwa hakuinua kwenye simu. Akasema, "But Mom, did you ask him?"

Sikuwa nimekuuliza. Kwenye wadi yetu, muuguzi mpya akifika, jambo la kwanza ninalomfundisha ni kwamba fimbo ya kutembelea ya mgonjwa haiondolewi alipoiweka bila kumwuliza mwenyewe. Hata kama inamkwaza. Hata kama umemletea nzuri zaidi. Nimelisema hilo kwa wauguzi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kisha nikaingia gereji alfajiri nikamfanyia kaka yangu mwenyewe, aliyenipa fimbo ya kwanza mkononi.

Mwezi uliopita na mimi zamu yangu ilifika. Kifundo cha mkono wa kulia, miaka yote hii ya kuinua watu vitandani. Nilikwenda uwanjani na namba tatu yangu, mpira ukakimbia chini. Wa pili, chini. Nikajisikia nikisema kwa sauti, peke yangu, "Upepo leo." Nikakaa kwenye benchi nikacheka hadi machozi, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Nikaenda duka moja la gofu huko Plano, lenye wavu na skrini ya kuonyesha mpira ulikokwenda. Fundi wa pale, mzee mpole, alinipigisha chuma namba nne mara kumi, kisha haibridi ya namba hiyohiyo mara kumi. Hakuniambia kitu, alinionyesha tu mistari. Ile ya chuma ilikuwa imelala chini, imetawanyika huku na huko. Ile ya haibridi ilipanda yote. Fimbo nikaichukua, na nilitoka nayo kwa furaha. Kwenye gari ndipo nikaelewa tofauti yetu: mimi nilijichagulia, wewe ulichaguliwa. Fimbo ni ileile.

Nisamehe, Kaka. Sina neno jingine la kulizungushia.

Wifi Neema ananiambia hujashika fimbo tangu siku ile. Anasema bega linakaza, na Jumapili ukitoka kanisani unakaa sebuleni mpaka jioni. Hilo linaniogopesha kuliko ukimya wako. Ukinichukia ukiwa uwanjani, nitavumilia.

Jumamosi ijayo nashuka Houston. Mdogo ndiye anayemfuata mkubwa, hilo mama alitufundisha sote. Vyuma vyako nimevifuta, nimevifunga kwenye kitenge, nitaviweka mlangoni kwako hata kama hutafungua. Virudishe mahali pake. Ukitaka kuupiga mpira chini na kuusingizia upepo mpaka uzeeke, ni begi lako, na sitaligusa tena.

Na begi langu nitakuja nalo. Lina fimbo kumi na tatu. Sheria inaturuhusu kumi na nne, unajua. Pale palipokuwa na namba tatu yangu pako wazi, na sikumruhusu fundi wa Plano anichagulie, wala sitaki kuchagua mwenyewe. Ya kwanza ulinichagulia wewe. Hii nayo nichagulie wewe.

Lakini fimbo haichaguliwi kwa macho. Itabidi twende dukani uzijaribu mwenyewe, moja moja, kwa bega lako hilo, uniambie ipi inapanda vizuri. Ndiyo, najua umeshaona ninakokupeleka. Unaweza kukataa. Safari hii nakuuliza kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda
Mansfield