Mnunuzi Kwenye Baraza la Marehemu

Jumatano.

Shabani, huna haya! Baba yako hata arobaini haijafika, unaleta mnunuzi apime baraza letu kwa hatua.

Ati, "Mama, kodi ya nyumba imetushinda, itapigwa mnada. Bora tuuze wenyewe." Alijua niko eda, sitatoka mbele ya mwanamume mgeni. Nikapaza sauti nyuma ya pazia, Kariakoo nzima isikie: "Bwana, nyumba hiyo ina mjane, na mjane ana mdomo!" Mnunuzi kaondoka, kofia kaiacha.

Kodi inanitisha, sikatai. Wajukuu sita watalala wapi? Lakini wapangaji wa uani wamekubali kunilipa mapema, na itatosha.

Kesho Shabani aende kwa karani wa jiji, alipe, aniletee stakabadhi mkononi. Asipoileta, asiguse chakula changu.